Msalaba wa Shangazi Judithe

Shangazi Judithe alikuwa mwokaji mikate kwenye meli ya watalii, na nyuma ya magunia ya unga alikuwa na msalaba. Melini hapakuwa na asiyeujua. Mabaharia walimtania kwamba mikate yake inaumuka kwa sala, si kwa hamira, naye akawajibu kwamba asiyeitaka aiache.

Msalaba wenyewe ulikuwa wa mbao, umepakwa rangi nyeupe, na juu yake jina la mama yake. Mama huyo alizikwa kwenye kijiji chetu cha zamani, ndani kabisa ya ghuba, muda mfupi kabla hatujahamia mjini sote. Baadaye mwindaji mmoja alirudi kutoka huko na habari kwamba upepo umeung'oa msalaba wa kwanza na kuupeleka baharini. Tangu siku ile shangazi hakuwa na raha. Mama yake, alisema, amelala kama mtu asiyezaa. Magoti yake yalikuwa yamekwisha, mashua ndogo za wawindaji hawezi tena kuzipanda, ndipo akaomba kazi kwenye meli inayopita pale kila kiangazi. Na kila kiangazi barafu iliziba ghuba, au ukungu ukatanda, msalaba ukarudi stoo.

Mwaka jana ghuba ilikuwa wazi. Maji yametulia, milima ya barafu imesimama hapa na pale, sili, wale wanyama wanene wa baharini, wamejilaza juu ya mapande yake kama wenye nyumba. Shangazi alivua aproni, akavaa buti zake za ngozi ya sili, zile za kanisani, akaketi karibu na ngazi na msalaba mapajani.

Mlinzi wa dubu nilikuwa mimi. Kazi yangu ni kuukagua ufuko kwa darubini kabla mtu hajashuka. Dubu mweupe akionekana, hashuki mtu, na kumfukuza ni marufuku. Nikatazama nyumba zilizobomoka, nikapandisha darubini hadi kilima cha makaburi. Katikati ya makaburi palikuwa na kitu cheupe. Kiliinua kichwa, kikapiga miayo, kikalala tena.

Niliumia, sifichi. Nikachukua redio nikasema nilichokiona.

Wageni walifurahi kupita kiasi kumwona dubu, wengine hadi machozi. Shangazi alisogea polepole akasimama kando yangu.

"Yuko wapi?"

"Makaburini, shangazi."

"Anafanya nini?"

"Amelala."

"Basi ataamka."

Tulimngoja mchana kutwa. Aligeuka ubavu wa pili tu. Nahodha, Mdenmark mpole, alikuja mwenyewe kumwomba radhi shangazi, kisha tukang'oa nanga.

"Ungenyamaza kidogo tu, Pavia," shangazi aliniambia. "Ningekuwa nimeshashuka."

"Na dubu angekuwa ameshashiba."

"Mimi kikongwe. Nyama yangu ngumu."

"Yule meno anayo, shangazi."

Hakucheka. Tangu hapo wageni walikula mkate wa moto, mimi akanipa wa jana. Niliula bila kunung'unika, maana angelala tena pale dubu, ningesema tena.

Msimu ulipokwisha alinikuta nakunja kamba. Alikuwa ameshaaga kazi.

"Bahari ikiganda, utakwenda kuwinda kule na mbwa wako?"

"Mwezi wa tatu, Mungu akipenda."

"Nakwenda na wewe."

"Kwa sleji ya kuvutwa na mbwa ni mwendo wa siku mbili, shangazi. Na magoti yako hayo?"

"Kwani magoti yangu ndiyo yatavuta?"

Mwezi wa tatu nikamfunga kwenye sleji, amezongwa na ngozi nene hadi puani. Njia nzima alilalamika: mbwa wananuka, naendesha kama mlevi, kahawa yangu maji matupu. Tulipofika, upepo ulikuwa umekifagia kilima theluji yote, mawe ya makaburi yako wazi. Nilimpandisha mgongoni, yeye amekumbatia msalaba wake, huku ukinigonga kisogo kila hatua. Tuliusimamisha, tukaushindilia mawe, nikausukuma kwa nguvu zangu zote. Haukutikisika.

Shangazi alivua glavu, akaweka kiganja juu ya kaburi, akalia. Nami nikalia. Kisha akapangusa pua.

"Mama," akasema, "usiseme nimechelewa. Kiangazi nilifika, nikakuta una mgeni amelala."