Habari Aliyorudi Nayo Sinan

Wewe unayepanga kupanda ndege kwenda kutazama mawe ya watu, nyumba ya babu yako uliingia lini mara ya mwisho?

Sinan bin Amur asingeweza kujibu. Ni fundi wa maji hapa Ibra, katika nchi ya Waarabu, mtu wa makamo, mpole, anayepokea simu hata Ijumaa bomba likipasuka. Baba yake alikulia Unguja akarudi huku kwa wazee wake na familia baada ya mapinduzi, na mpaka leo kwa Sinan watu hupika, hucheka na hugombana kwa Kiswahili. Kiarabu ni cha kazini na cha majlisi, kwenye baraza za wanaume. Safari ya Ulaya hata hakuitafuta. Binti yake Wiam anasoma Luxemburg, nchi ndogo ambayo ukisinzia ndani ya basi umeshaivuka, naye alimng'ang'ania baba yake aende akamwone.

Wiam akampeleka mji wa Echternach kuona nyumba ya Warumi. Sinan alitarajia nguzo ndefu na masanamu. Alichokikuta kando ya ziwa ni kuta za kufika magotini, chumba baada ya chumba, na majani yamekatwa vizuri baina yao. Binti alimwonesha palipokuwa na bafu, akamweleza jinsi moto ulivyopitishwa chini ya sakafu ili tajiri asipate baridi ya miguu. Kwa kuwa ni mtu wa mabomba, Sinan alichutama akachunguza maji yalikuwa yakiingia wapi na yakitokea wapi.

Hapo ndipo alipomwona mzee mmoja amepiga magoti, anang'oa magugu kwenye nyufa kwa kisu kidogo. Akamwambia Wiam amuulize kama nyumba hii ilikuwa ya wazee wake.

Mzee akacheka. Wazee wake walikuwa Wareno, alisema. Baba yake alikuja nchi hii kujenga barabara. Magugu anayang'oa kwa sababu yakiachwa mizizi itapasua ukuta. Basi. Akarudi kwenye kazi yake.

Jibu hilo Sinan alirudi nalo Ibra kama mtu aliyerudi na homa.

Maana babu yake ana nyumba. Ni ya udongo, ghorofa moja, katika mtaa wa zamani, na kuta zake hazifiki magotini, zinampita mtu urefu. Vyumba viwili vya nyuma vimeanguka, mbuzi wa jirani wanalala ndani, lakini boriti za mtende bado zimeshika dari ya mbele. Nyumba ni ya ukoo mzima, ila mwenye kauli ni Humaid, mtoto wa ammi yake Sinan, ambaye baba yake hakuondoka Ibra hata siku moja.

Sinan alipokwenda kumwamkia shangazi yao, Bi Thuraya, bibi aliyekulia Unguja naye, alisema shikamoo, akajibiwa marahaba, na hata hajakaa akapewa habari yenyewe. Humaid ameita katapila. Jumamosi asubuhi nyumba inavunjwa, pawe mahali pa watalii kuegesha magari wanapokuja kupiga picha mtaa wa zamani. Watapiga picha ya nini, magari yao wenyewe? Hilo Humaid hakujiuliza.

Ijumaa baada ya sala Sinan akaenda kwenye majlisi ya Humaid. Sasa, kwetu hapa aliyetoka safari huulizwa habari mbele ya watu wote, naye hujibu kwamba hakuna habari ila kheri. Hata kama ameibiwa njiani hujibu hivyo kwanza, na mengine huyasema taratibu, baada ya kahawa. Anayejibu vingine ana msiba.

Watu walipokwisha kukaa, Humaid akamuuliza habari za safari, kama mwenyeji anavyouliza.

"Habari ipo," Sinan akasema.

Aliyekuwa akimimina kahawa akasita. Wazee wakaanza kusema inna lillahi. Mmoja akanong'ona kuuliza kama ni yule binti aliyeko Ulaya.

"Ni nyumba ya babu," akasema Sinan. "Inakufa kesho asubuhi."

Wengine walishusha pumzi wakacheka. Humaid hakucheka.

"Miaka yote hii hujajua kutoa habari kama watu," akamwambia. "Baba yangu alipokuwa akipandisha udongo kwenye ile dari, baba yako alikuwa Unguja anakula doriani."

"Kweli," Sinan akajibu. "Lakini nimemwona Mreno anapalilia nyumba ya Mrumi. Mimi mjukuu nizuiliwe?"

Humaid akasema khalas, katapila linakuja. Sinan akanywa kikombe chake, akakitikisa kuonesha kwamba kimetosha, akatoka. Njiani alijua alivyoharibu. Angengoja kahawa izunguke, angemvuta Humaid pembeni, labda wangesikilizana. Sasa amemwaibisha ndani ya majlisi yake mwenyewe, na mtu aliyeaibishwa harudi nyuma.

Lakini neno msiba halikubaki majlisini. Kufika magharibi mtaa mzima ulikuwa ukiuliza nani amefariki, na wengi walimpigia simu Bi Thuraya. Yeye hakukanusha. Aliwaambia waje asubuhi, mlango wa nyumba ya zamani.

Asubuhi iliyofuata Sinan alikwenda angalau kuuokoa ule mlango wa mbao wa babu kabla nyumba haijavunjwa. Alikuta mikeka imetandikwa njia nzima, ukuta kwa ukuta. Wanawake wamekaa mlangoni na Bi Thuraya katikati yao. Wanaume wamekaa mwanzo wa kichochoro, na mabirika ya kahawa na tende mbele yao. Katapila limesimama nje, limezimwa, na dereva amevua kofia.

Humaid akaja kwa miguu, akauliza nani kafa.

"Wewe ndiye unayejua, mwanangu," Bi Thuraya akamjibu kutoka mlangoni. "Mchimba kaburi umemleta wewe. Msiba hukaliwa siku tatu. Kaa."

Hakuna anayepita juu ya mkeka wa msiba kwa viatu, wala kwa katapila. Humaid alilitazama katapila, akawatazama wazee wa majlisi yake, ambao kila mmoja alikuwa ameinamia kikombe chake. Kisha akavua makubadhi, akakaa ukingoni mwa mkeka. Sinan akachukua birika, akammiminia kahawa kwa mkono wake. Humaid akaipokea, na nyuma yao dereva akawasha injini, akaanza kurudi kinyumenyume polepole mpaka barabarani.