Nilivyopima makazi ya samaki kwa leza, wenye nyumba wakanikaba

Wakuu, habari za muda huu. Haya yalinikuta mwenyewe. Chumvi mtatia nyie kwenye comments.

Nilikuwa fundi upimaji kwenye kampuni moja pale Posta. Bosi wangu, tumwite Injinia, alipata project: kupima kijito kimoja bondeni, si mbali na Kariakoo, kwa mashine ya leza, ijulikane samaki wanaishi wapi.

Mashine unaiweka kwenye tripodi, inazunguka, inachora kila kitu kinachoguswa na mwanga wake.

Injinia mwenyewe hakuja. Alisema yeye anaangalia big picture. Viatu vyake ndivyo vilivyokuwa havitaki tope.

Nimefunga mashine tu, watu wakajaa. Muuza maandazi mmoja, Mama Neema, nyumba yake iko ukingoni kabisa, akanifuata.

"Kijana, unapima nini?"

"Shikamoo mama. Napima makazi."

Wakuu, ndilo neno la kitaalamu. Shule ilinifundisha hivyo!

"Bomoabomoa imekuja!" mtu akapiga kelele. Kufumba na kufumbua tripodi imebebwa juujuu, mimi nimekabwa shati.

"Ya samaki!" nikalia. "Makazi ya samaki, jamani!"

Mama Neema akaguna. "Sisi hatuna hata hati, leo samaki wanapimiwa viwanja?"

Wakacheka, nikapona.

Nikawaonyesha picha kwenye laptop. Ukingo umetoka safi, mpaka nguo zilizoanikwa. Majini, shimo jeusi tupu. Leza ile haipenyi maji machafu. Mfuko wa plastiki unaoelea yenyewe inauita ardhi.

Mama Neema akasonya, akakunja kanga, akaingia majini na mti wa fagio.

"Hapa magoti. Hapa kiuno. Chini ya tairi hili kambare wamejaa. Andika!"

Nikaandika.

Siku ya kuwasilisha ripoti, slaidi zina rangi kama kitenge, mfadhili wa project akauliza: "Kina cha maji leza ilikipataje?"

Injinia akaniangalia. Nikasimama.

"Haikukipata. Alipima Mama Neema, kwa mti wa fagio."

Mkataba wangu haukuongezwa.

Mama Neema ndiye aliyepewa mkataba na mfadhili, apime vijito viwili vingine. Akanitafuta nikamshikie daftari, na mimi bila aibu nikaenda.

Funzo: mtaalamu, ukifika mtaani salimia kwanza, halafu uliza. Mashine baadaye.

Nanyi wenye vyeti humu, nani aliwahi kuwaokoa kazini mkamuacha nje ya ripoti? Fungukeni.