Mashine Isiyojua Kunyamaza

Bwana Mbarouk alipika katika meli za watu mpaka nywele zikamgeuka nyeupe, na katika safari zote hizo hakuleta nyumbani dhahabu wala mke wa pili, kama walivyomtabiria wenzake. Alileta amplifaya nzito ya kubebwa na watu wawili, na spika mbili ndefu zinazomfika kiunoni. Mtu wa ajabu, tuseme kweli. Wenziwe walinunua viwanja, yeye akanunua sauti.

Vitu hivyo vilipandishwa ngazi za majumba ya Michenzani, Unguja, vikawekwa sebuleni, na mkewe Nassra akavifunika kitambaa cha kufuma. Mume akiwa baharini, Nassra ndiye aliyekuwa akisikiliza. Alirikodi harusi za jamaa na taarab za vikundi vya mitaani, akarikodi sauti za watu ambao wengi wao leo wamelala makaburini. Kanda zikajaa kabati zima. Kisha Mbarouk akastaafu, akarudi kukaa, na Nassra hakukaa naye sana, akafariki. Miaka yote mke alimngoja mume, na mume alipofika, hakukuwa tena na wa kumngoja yeye. Jambo hilo lilimuuma hasa wakati wa chai, kwani aliyezoea kuwapikia mabaharia melini hajui kipimo cha chai ya mtu mmoja.

Basi akawa anapiga kanda za Nassra kutwa. Lakini unyevu wa kisiwa haumwonei huruma mtu. Kanda ziliota ukungu, nyengine zikawa zinatafunwa na redio ya kanda. Binti yake Khairat, aliyeolewa Maskati, akampigia simu.

"Baba, zitapotea zote hizo. Nenda kwa Wakil pale Mlandege akuuzie seva ya muziki. Ni kisanduku tu. Kanda zote zinaingia humo, unakiunga na amplifaya yako, basi. Mimi nshazungumza naye."

"Na kanda zenyewe?"

"Zibaki kabatini, baba. Nani kakwambia uzitupe?"

Duka la Wakil ni dogo na limejaa nyaya, na mwenyewe ni kijana mwenye adabu asiyependa kusifia bidhaa. Kizuri chajiuza, na Wakil aliamini hivyo mpaka akawa anapoteza wateja. Alimwamkia Mbarouk shikamoo, akampa kiti, akamuwekea mezani visanduku vitatu.

Cha kwanza kilikuwa cheupe, chepesi, kinavuta nyimbo kutoka mtandaoni. Mbarouk akauliza kama harusi ya Bi Kazija wa Malindi, aliyoirikodi Nassra, imo huko mtandaoni. Wakil akacheka, akakiondoa. Cha pili kilikuwa na diski kubwa ndani, lakini kina feni. Mbarouk akakiinamia, sikio karibu, akasikia kinavyovuma.

"Hiki kinakoroma," alisema. "Mwenye kukoroma nyumbani kwangu natosha mimi."

Cha tatu kilikuwa cheusi, kizito kidogo, hakina feni wala hakivumi. Wakil akaeleza kwamba sauti haibanwi humo. Inavyoingia ndivyo inavyotoka, hata makofi ya harusini utayasikia moja moja. Mbarouk aliyasikiliza hayo kwa heshima, kama mtu anayesikiliza hotuba ya mgeni rasmi. Mwisho akauliza swali ambalo Wakil hakuwahi kuulizwa na mteja yeyote.

"Ikimaliza, inafanyaje?"

"Haimalizi, mzee wangu. Nitakuwekea ichanganye nyimbo yenyewe. Ikifika mwisho inaanza upya. Wewe huna haja ya kuinuka."

Hapo ndipo shauri lilipokwisha. Si sauti safi iliyomshika Mbarouk, wala ukubwa wa diski. Alichokuwa akikikimbia ni pale kanda inapofika mwisho. Kanda ikikatika, nyumba nzima humwangukia mtu kwa kimya, na ndani ya kimya kile lazima ainuke, ageuze upande, arudi akae. Alikuwa tayari kununua chochote kitakachomuondolea dakika ile. Akachukua cheusi.

Wakil alikuja na vyombo vyake, akaziingiza kanda zote, kazi ya majuma. Siku alipomaliza akabonyeza, akaaga, na tokea hapo nyumba ya Mbarouk haikunyamaza. Iliimba akisali Alfajiri, ikabidi aipunguze; iliimba akikaanga samaki; iliimba akisinzia. Mwenyewe alifurahi. Alijiona yuko na watu.

Sasa, mkabala na mlango wake anakaa Bi Salhiya, mjane, fundi wa mikate ya mofa, mwenye ulimi mfupi na mkono mrefu wa kutoa. Ukiondoa salamu za msikitini, huyu ndiye binadamu pekee aliyekuwa akizungumza na Mbarouk uso kwa uso. Karibu kila siku baada ya Alasiri hubisha hodi na bakuli mkononi: leo mchuzi wa pweza, kesho maharage ya nazi. "Nimepika kingi," husema. Husimama pale mlangoni, akauliza hili na lile, akenda zake. Maneno yenyewe hayakuzidi ya mtu anayenunua ndimu, lakini Mbarouk alikuwa akianza kuyangoja tangu adhuhuri.

Siku moja dirisha lilikuwa wazi, na Bi Salhiya ndiyo kwanza anamkabidhi bakuli, mashine ikachagua wimbo. Ilikuwa taarab ya zamani, ya kikundi kimoja cha kina mama, aliyoirikodi Nassra. Sauti ilitoka safi, kama alivyoahidi Wakil:

*Na bakuli walileta, macho yako yazunguka,*
*Wauliza nimekula, ukitoka wanicheka.*

Mbarouk alikuwa akinusa mchuzi. Alipoinua uso, Bi Salhiya alishageuka.

Mgeni hawezi kulielewa hili. Unguja mtu hapigi wimbo dirishani hivi hivi. Wimbo una mwenyewe, na mwenyewe akiusikia anajijua. Majirani nao wanamjua, tena kabla yake. Ugomvi mwingi wa mtaani haukuhitaji neno, ulihitaji spika tu. Na Mbarouk ana spika kubwa kuliko nyumba zote za ngazi ile.

Kesho yake Bi Salhiya hakuja, wala kesho kutwa. Mbarouk alilirudisha bakuli likiwa na halua ndani, kwa vile bakuli la jirani halirudi tupu. Mlango ukafunguliwa kidogo, mkono ukatoka ukapokea, mlango ukafungwa. Siku zikapita. Nyimbo zilikuwa nyingi nyumbani lakini hapakuwa na mtu wa kumuuliza kama amekula.

Aliyemfungua macho ni Bwana Mkadam wa ghorofa ya chini, walipokuwa wakitafuta viatu vyao msikitini.

"Mwenzangu, umempa kubwa mama yule! Tena dirisha wazi!"

"Nani? Nimempa nini?"

Mkadam akaeleza, akicheka. Mbarouk akaapa kwamba si yeye, ni mashine iliyochagua.

"Mashine!" Mkadam akasema. "Mimi mke wangu nikimwambia hivo, nitalala nje."

Mbarouk alipanda ngazi na aibu imemjaa kifuani. Hakuingia kwake. Alibisha kwa Bi Salhiya, akasimama hatua mbili nje ya mlango.

"Bi Salhiya, kumradhi sana. Wallahi sikukusudia. Kile kisanduku kinachanganya nyimbo chenyewe, mimi sikichagulii."

Bi Salhiya alikuwa na unga mikononi.

"Nnajua, Bwana Mbarouk. Wewe huna akili ya kumpasha mtu." Akajifuta mikono kwa kanga. "Ule wimbo ulinichoma kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nakuja kukuchungulia."

"Kunichungulia nini?"

"Kama u hai." Alilisema bila ya kupamba. "Ulikuwa ukipiga kanda zako, zikikatika nasikia. Nasikia unainuka, unageuza, inaanza tena. Basi najua mzima. Pengine inakatika, nangoja, kimya. Ndio napakua chochote kilichomo chunguni nakuja. Ulidhani kila siku mimi napika kingi, peke yangu mie?"

Akauonyesha kwa kidevu mlango wa Mbarouk.

"Sasa kitu chako kinaimba tangu Alfajiri mpaka nnalala. Nsikilize nini tena? Siku ukifa, bwana, kitaimba vilevile, mpaka Khairat apande ndege aje akizime."

Akarudi kwenye unga wake. Hakufunga mlango, lakini hakumkaribisha pia.

Mbarouk alifika mbele ya mlango wake, ufunguo mkononi, akasimama. Ndani watu walikuwa wakiimba na kupiga makofi, harusi nzima, na mwenye nyumba yuko nje. Nyumba haikuwa na habari kwamba ametoka. Alisimama pale akaona jinsi itakavyokuwa, akaogopa, tena si kifo alichokiogopa.

Aliingia, akakiendea kisanduku, akatafuta kitufe nyuma yake, akakizima. Makofi yakakatika katikati. Kimya alichokilipia ili akikimbie kikamwangukia chote kwa pamoja, na yeye akakaa chini yake, mikono magotini, bila ya kuinuka.

Alikaa mpaka akasikia kandambili zikiburutwa nje ukumbini, zikasita mlangoni pake.

"Bwana Mbarouk!"

Mbarouk akainuka upesi.

"Naam!" akaitika, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. "Naam, Bi Salhiya, nipo."