Juma Tulilopita Dirishani

Tulipokimbilia mji wa Baraka, binti yangu alikuwa na miaka tisa, na hakukubali tena kupita mlangoni. Kijijini kwetu watu wenye bunduki waliingia kwa mlango. Tangu hapo aliingia na kutoka kwa dirisha. Nilimgombeza, nikamwombea, nikapigilia dirisha misumari. Alishinda uani kwenye jua kali mpaka nikaing'oa mwenyewe.

Kila Alhamisi nilienda kwenye kikundi cha wazazi ambao watoto wao walikuwa na taabu za mawazo. Muuguzi aliyetuongoza alinisikiliza, kisha akasema, "Musimusukume mutoto. Mumufuate kwanza kule eko."

Bamama, kina mama wa kikundi, walimsikia neno kwa neno. Kesho yake mmoja wao, muuza ndagala wa mtaani kwetu, aliweka beseni la dagaa chini, akakaza kitenge, akapiga hodi dirishani.

"Karibu," nilisema. Ningesema nini?

Akapanda, akaingia. Nyuma yake wengine wanne. Kufika Jumamosi kulikuwa na foleni, na bibi mmoja mzee aliingizwa kama gunia la mihogo. Mlango ulikuwa wazi kando yao. Mpita njia akauliza, "Mulango imekufa?"

"Iko muzima," wakamjibu. "Ni siye tunapita huku."

Jumapili akaja pasta, mtu mnene, ndani ya koti la ibada. Akakwama kiunoni, kichwa ndani, miguu nje. Alinisalimu vizuri, akaulizia afya ya nyumba, na kwa kuwa kichwa kilikuwa kimeinama tayari, akaomba.

Binti yangu, ambaye hakuwa akisema na mgeni yeyote, alimsogelea.

"Pasta, utoe koti kwanza."

"Nitatoa namna gani, mutoto yangu? Mikono iko inje!"

Mtoto akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu kijijini. Alimfungua vifungo, bamama wakasukuma miguu, pasta akaangukia mkekani bila koti.

Alipokunywa maji, pasta alimwomba binti yangu ruhusa ya kutokea mlangoni.

"We upite," akamjibu. "Mi bado."

Miezi ilipita. Siku moja binti yangu alitoka mlangoni na muuza ndagala, wakibishana juu ya samaki, wala hakutambua amepita wapi. Mimi niliendelea kuchekecha unga. Risasi zikisikika milimani bado anarudi dirishani, nami ninapanda nyuma yake.

Alhamisi moja kikundini mama mgeni alitueleza kwamba mwanawe anakula chini ya meza tu. Muuza ndagala akamwuliza meza yenyewe iko na ukubwa gani.