Mtamba wa Johnson na Mchezo wa Barafu

Johnson arap Soi alifanya kazi ya upishi miaka kumi na moja, na katika miaka hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akikubali kwamba kuna jambo asilolijua. Ukimwuliza habari za treni, alizijua. Habari za Ulaya alizijua zaidi, kwa kuwa alimmenyea viazi Mzungu kila siku.

Bwana wake alikuwa injinia wa kiwanda cha chai juu ya Litein, mtu wa Kanada. Huko kwao, alisema, maji huganda mpaka wanaume wanacheza juu yake, wamevaa visu miguuni, wakigombea kidude cheusi cha mpira kwa fimbo. Kwingine Johnson angeitwa mwongo kwa kurudia maneno hayo. Lakini watu wa Kericho wanaijua mvua ya mawe. Wamewahi kuamka wakakuta shamba lote la chai jeupe kama chumvi. Kwa hiyo waliuliza swali moja tu: "Na chai yao inamea namna gani?"

Kila mwaka timu mbili kubwa za mchezo huo hukutana katika fainali ya mechi saba, na wa kwanza kushinda nne huchukua kikombe. Magazeti ya fainali yalikuja kwa meli hadi Mombasa, kwa treni hadi Fort Ternan, kisha kwa lori hadi nyumbani kwa Bwana, yote yamefungwa kamba moja, na kikombe chenyewe kimeshachukuliwa miezi miwili nyuma. Bwana alikuwa na desturi yake. Alifungua gazeti moja kila asubuhi pamoja na chai, kana kwamba mechi ilichezwa jana. La kesho hakuligusa. Timu yake, Wekundu, ikifungwa, alikuwa hali kitu.

Johnson alipeleka habari kambini kwa wachuma chai, na kambi ikapasuka. Kambi ya juu ikawa Wekundu, kambi ya chini ikawa Buluu, wapinzani wao. Mchumaji mmoja, Rebeccah, aliacha kusalimiana na dada yake wa damu kwa sababu ya bao la dakika za mwisho. Watu walikunjiana ngumi kwa ajili ya wachezaji ambao walikuwa wameshaoga, wakalala, na sasa walikuwa wakivua samaki.

Kiongozi wa Buluu alikuwa Kebaso, mpishi Mkisii wa ng'ambo ya mto, upande wa Sotik. Bwana wake naye alikuwa Mkanada, ila wa mji wa mahasimu. Kebaso alikuwa mpole, mtu wa kusikiliza. Hakujua kusoma.

Siku ya gazeti la tatu, Bwana alimwonyesha Johnson picha, nyeusi na nyeupe kama picha zote za magazeti hayo. "Hawa wa mashati meusi ndio wangu."

Johnson akalitia hilo kichwani. Bwana alipokwenda kiwandani, Johnson alianza kupangusa vumbi mezani, na akapangusa mpaka akafika gazeti la saba. Kiingereza cha kusoma hakuwa nacho, isipokuwa maneno ya kwenye makopo ya jikoni. Lakini picha haihitaji Kiingereza. Wanaume wa mashati meusi walikuwa wamekumbatiana rundo, na katikati yao kikombe kikubwa kama ndoo ya maziwa. Akaifunga kamba vilevile, akaenda kumtafuta Kebaso sokoni.

"Watu wako wamekwisha," alimwambia.

"Wamekwisha na tuko mbele mbili kwa moja?"

"Weka mtamba wako wa ng'ombe, nami naweka wangu."

Kebaso alijikuna kidevu. "Yule wako mwenye mimba? Sawa, na mimi naweka wangu wa madoa. Lakini arap Soi, usikuje kusema nilikulazimisha."

"Ni mimi nakulazimisha wewe."

Nyumbani, mkewe Priscillah aliacha kupepeta wimbi. "Baba Chepkorir, kanisa linasema kamari ni dhambi."

"Kamari ni ya mtu hajui. Mimi najua."

Priscillah alimtazama, akarudia ungo wake. Johnson akadhani amekubali.

Asubuhi ya gazeti la saba timu zilikuwa tatu kwa tatu. Johnson aliingia na birika, tabasamu limemtangulia. Bwana alikuwa ameshalikunja gazeti.

"Buluu wamechukua," alisema.

"Hapana, Bwana. Wale wa mashati meusi ndio wetu."

"Mechi ilikuwa mjini kwa Buluu. Timu ikiwa nyumbani huvaa ya rangi, mgeni huvaa nyeupe. Na gazetini buluu hutoka nyeusi kama nyekundu." Kisha akainua macho. "Wewe umeiona wapi hii picha?"

Johnson aliangalia birika. Mashati mawili! Timu ya kiwanda ilikuwa na mashati yaleyale kwa miaka sita, na golikipa aliazima la fundi wa bomba. Nani angewaza kwamba kuna timu yenye kabati?

Bwana hakumfukuza. "Kumbe wiki nzima ulikuwa unanitazama tu nikihangaika, na wewe umeshaona mwisho," alisema, na hilo lilimuuma Johnson kuliko kofi.

Kabla ya saa sita Kebaso alifika nyumbani kwa Johnson na kamba ya kumfungia mtamba. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba bwana wa Kebaso hana subira. Yeye hufungua gazeti la mwisho kwanza, na siku mzigo ulipofika alimshika Kebaso mikono wakacheza ngoma jikoni.

"Kumbe ulijua," Johnson alisema.

"Na wewe je?" Kebaso aliuliza, taratibu kabisa.

Wazee watatu wa kambi waliitwa. Priscillah akatoka zizini, akasimama mbele ya mtamba.

"Huyu ni wa nyumba yangu. Mama yake nilitengewa siku nilipoolewa. Mwanamume hatoi ng'ombe wa nyumba bila mwenye nyumba kusema ndiyo. Ama sheria imebadilika?"

"Haijabadilika," alisema mzee Kepher.

"Basi atoe kitu yake mwenyewe," Kebaso alisema.

Wazee wakaanza kutafuta. Nyumba ilikuwa ya kampuni. Kanzu nyeupe na kofia vilikuwa vya Bwana. Kuku walikuwa wa Priscillah, na wimbi vilevile. Hata kitanda kilikuwa cha mbao za masanduku ya chai, na kampuni ilikuwa haijasema kama imezitoa au zimeibwa. Watu waliokuja kucheka walianza kila mmoja kuhesabu vya kwake moyoni, na kicheko kikapungua.

"Arap Soi," mzee aliuliza, "wewe uko na nini?"

Johnson alijibu: "Niko na Wekundu."

"Nipe hao," Kebaso alisema, akikunja kamba yake. "Kuanzia leo wewe ni Buluu."

Wazee waliona ni haki. Johnson aliomba apewe hata siku mbili za kuwaaga Wekundu, wakamkatalia.

Mwaka uliofuata mzigo wa magazeti ulipofika, Bwana alilegeza kamba, akasugua mikono. "Unaonaje, Johnson? Safari hii tutawapiga?"

"Mtapigwa, Bwana," alisema Johnson, kwa sauti ya mtu aliyefiwa.