Koti la Tanuru

Mimi ni mtu wa maswali, na nilipokuwa mwalimu kule Muganza nilizidi. Nilizaliwa Bukavu, nikarudi Rwanda baada ya vita na sanduku moja, nikapanga chumba kwa mama mmoja Mwislamu aliyelima mpunga katika bonde la Bugarama. Mume wake alikuwa mchoma chokaa kwenye tanuru dogo la mtu binafsi. Wakati wa mauaji ya kimbari alichukuliwa kazini pamoja na mwenzake, mume wa jirani yetu Mkatoliki, na hakuna aliyejua walikotupwa. Mama alikuwa na haja moja tu duniani: ampate mumewe, aswaliwe, amlaze akielekea kibla. Sanda alikwisha kuinunua. Ilikaa juu ya kabati ndani ya mfuko wa nailoni, na alikuwa akiipangusa vumbi kila Ijumaa.

Miaka ikapita. Siku moja wachimba mawe walikuta shimo karibu na lile tanuru, ambalo lilikuwa limeachwa zamani. Shimo lilikuwa limejaa chokaa, na ndani yake mlikuwa na mtu. Mmoja tu.

Akaletwa daktari wa mifupa ya wafu, mzee aliyekulia Congo kama mimi. Kila alasiri alikuja kunywa chai kwetu, nami nilimganda kama kupe. Nilidhani chokaa hula maiti ikaisha. Alitikisa kichwa.

“Hapana, mwalimu. Chokaa inaua harufu, lakini muntu mwenyewe inamuchunga.”

Kumbe waliomwaga chokaa ili kumfuta mtu ndio waliotuhifadhia. Nilifurahi, sifichi. Nilifurahi kwamba walikosea.

Nikataka kujua elimu hii ilianzia wapi. Akanieleza kwamba Ulaya waliwahi kuwapima wahalifu urefu wa mkono, upana wa kichwa, hata sikio, ili wakirudia wajulikane. Lakini vipimo vya watu wawili vingeweza kukaribiana mno, kwa hiyo alama za vidole zikachukua nafasi yake.

“Ata hapa bazungu balitupimaka pua,” mama akadakia akimimina chai. “Sikuona mwizi ata mumoja akikamatwa.”

Daktari akaongeza sukari, akaendelea. Zamani zaidi, alisema, huko Uchina mtu aliuawa kwa mundu. Hakimu akaamuru wanakijiji wote waweke miundu yao chini juani. Nzi wakatua kwenye mundu mmoja tu, kwa harufu ya damu iliyofutwa, na mwenyewe akakiri. Nilipiga makofi kama mtoto. Mama hakupiga.

“Na kama ile mundu ilikuwa ya kukopa?”

Tulicheka sana. Wakati wa mavuno ya mpunga, mundu mmoja Bugarama huzunguka nyumba nyingi kabla haujarudi kwa mwenyewe.

Ikafika siku ya kutambua. Kama tufanyavyo, nguo zilizotoka shimoni zilifuliwa zikatandazwa juani, watu wapite waangalie. Kubwa lilikuwa koti zito la turubai, lenye kiraka cha kitenge cha kijani kwenye kiwiko. Mama alipiga magoti.

“Ni yeye! Hii kiraka nilishonaka mi mwenyewe.”

Akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, nami nikalia naye. Jirani alisimama nyuma yetu, akimpapasa mgongo, akisema atamchotea maji ya msibani.

Daktari aliinama karibu naye. “Pole, Maman. Bwana yako alivunjikaka hapa?” Aligusa mfupa wake mwenyewe, ule unaotoka shingoni kwenda begani.

“Hapana.”

“Ata akiwa mutoto?”

“Tulijuana toka tukiwa batoto. Hapana.”

Akaeleza kwa upole kwamba mfupa huo wa marehemu ulivunjika miaka mingi kabla hajafa, ukajiunga, ukaacha kivimbe. Kivimbe hicho mtu hawezi kukivua.

Nilimchukia. Elimu ile ile niliyoishangilia kwenye chai, sasa nilitaka inyamaze, mama azike. Lakini mama alikuwa akilitazama koti. Pale tanuruni koti lilikuwa moja. Chokaa mbichi huunguza ngozi, kwa hiyo aliyeingia kuipakua alilivaa, na akitoka alimvalisha mwenzake pale pale mlangoni. Likichanika, aliyekuwa nalo alilipeleka kwa mkewe. Bonde zima lilijua hivyo, na mama alijua. Ila mwanamke akishashona nguo ya mumewe, nguo hiyo huwa ya mumewe.

Nilipogeuka, jirani alikuwa ameshika bega lake mwenyewe.

“Wangu alianguka toka ku lori,” alisema taratibu. “Kabla ya ndoa.”

Hakuomba kitu. Mama angeweza kushikilia kiraka chake, na watu wengi wangekuwa upande wake. Alinitazama.

“Mwalimu, si niliuliza? Kama ni ya kukopa?”

Akalikunja koti, akainuka kwa shida, akaliweka mikononi mwa jirani. “Ni wako, dada. Umupeleke ku misa.”

Mume wa jirani alizikwa kwa jeneza na msalaba. Mama alikuwepo, kajifunga ushungi, na maji ya msiba ule aliyachota yeye.

Daktari alipokuja kuaga, mama hakumpa chai kwanza. Alimketisha, akaanza kumwelezea mumewe kuanzia chini: kidole gumba cha mguu wa kushoto kilichopondwa na jiwe, goti lililoteguka kwenye mpira, mwanya wa mbele, jino la nyuma lililong'olewa. Alieleza akijigusa mwilini mwake, mahali kwa mahali, na mwanaume ambaye sikuwahi kumwona akakaa nasi pale ukumbini.

“Umushike vizuri mu kichwa, Dokta,” alisema. “Ukimupata, usiniulize nguo.”