Bibi, Mikono Yako Haionekani

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya soko pale Tengeru, nikiwa msichana, ndiyo kwanza nimeanza kuaminiwa kukaa peke yangu na mikungu ya ndizi ya shangazi yangu. Shangazi alikuwa ameenda kutafuta chumvi. Akaja mama mmoja wa Kiarusha, ana mbuzi mdogo aliyefungwa kamba, akaanza kuongea nami Kimaa, lugha yao. Mimi nilijua Kimeru cha nyumbani na Kiswahili cha shule, basi. Kimaa nilikuwa nakisikia tu kinapita. Lakini nilikuwa na haya, na yule mama alikuwa na uso mzuri, kwa hiyo kila aliponyamaza nikawa natingisha kichwa kukubali. Akaongea, nikatingisha. Akaongea tena, nikatingisha na kucheka kidogo. Mwishowe akanikabidhi ile kamba, akaenda zake.

Shangazi aliporudi alinikuta nimeshika mbuzi, na mbuzi anatafuna majani tuliyofunikia ndizi.

"Huyu ni wa nani?"

"Sijui, shangazi. Kuna mama ameongea Kimaa, nikatingisha kichwa, akaniachia."

"Umekubaliana naye nini?"

"Sijui."

Hakunipiga wala hakunicheka. Alikaa chini akaniambia, "Yule mama angekufundisha Kimaa leo, na wewe umemzuia kwa kichwa chako. Usiitikie jambo usilolielewa. Sema, mama, sijaelewa, niambie tena. Hutapungukiwa kitu."

Yule mama alirudi baadaye. Kumbe aliniomba nimshikie mbuzi wakati ananunua mahindi. Shangazi akamwomba anifundishe kusema "sijaelewa" kwa Kimaa, nikaondoka sokoni siku ile nikiwa na neno hilo mdomoni, nalirudia njia nzima kama wimbo.

Sasa na mimi ni bibi. Nakaa huku mlimani juu ya Tengeru, na kahawa yangu, migomba yangu, na ng'ombe mmoja mwenye kiburi. Kijana wangu Elirehema na mke wake wanafanya kazi mjini, wamepanga nyumba mtaa wa Themi. Binti yao Janeth ni kiziwi tangu alipozaliwa. Alipofika umri wa shule walimpeleka shule ya bweni ya watoto wasiosikia, na likizo zote huzimalizia kwangu.

Alienda shule akiwa mtoto wa kunyoosha kidole tu: maji, ugali, nje. Akarudi na lugha nzima mikononi. Anasimama mbele yangu, vidole vinakimbia, uso unacheka, nyusi zinapanda na kushuka, na mimi nimebaki namtazama. Baada ya siku chache alishusha mikono. Akarudia kunyoosha kidole.

Likizo moja ikawa mbaya zaidi. Kila giza lilipoanza kuingia, Janeth alishika gauni langu na kulia. Alinieleza, mwanangu. Alinieleza na kunieleza kwa mikono yake, na mimi nikadhani ni tumbo. Tukampeleka zahanati, hawakuona ugonjwa. Likizo ikaisha, akarudi shule, nami sijajua kilichokuwa kinamliza. Hilo lilinikaa kifuani. Mtoto amesema, na hakuna aliyesikia. Nikajiuliza kati yetu ni nani hasa asiyesikia.

Jirani yangu ana binti anaitwa Glory, anasoma mambo ya mifugo chuoni hapo chini. Alipokuja kumtazama ng'ombe wangu nilimweleza. Akasema, "Bibi, mbona lugha ya alama inafundishwa mtandaoni? Kuna kozi ya bure, walimu wenyewe ni viziwi. Unasoma hapahapa kwa simu yako."

"Kwa simu hii ya kupangusa?"

"Hiyohiyo. Nakusajili leo. Watakutumia ujumbe wenye kiungo, ukiupata ubonyeze."

Nikatingisha kichwa. Nilikaa siku mbili tatu nashangaa ni kiungo gani hicho kitakachotumwa kwa simu, iliki au mdalasini, na kozi ya mikono inahusiana vipi na pilau. Ndipo nikamkumbuka shangazi. Nikavaa kandambili nikaenda kwao Glory, nikamwambia mbele ya mama yake, "Mwanangu, sijaelewa. Kiungo ni nini?"

Walicheka mpaka mama yake akakaa chini, na mimi nikacheka nao. Kisha Glory akanionyesha maneno yale ya buluu kwenye ujumbe. "Hiki ni kama mlango, bibi. Ukikigusa unaingia darasani." Nikakigusa. Ukurasa ukafunguka, ukiwa na picha ya mwalimu anatabasamu, na juu yake jina langu limeandikwa: Karibu, Eliakunda. Mwanangu, moyo ulinienda mbio kama siku ya kipaimara. Mimi niliyeishia darasa la saba, naitwa kwa jina darasani.

Tangu siku ile sikuachia neno lipite. Moduli ni nini? Ni kama sura ya kitabu, ukimaliza moja unafunguliwa nyingine. Dashibodi? Mimi niliijua ya gari tu. Kumbe ni ukurasa unaokuonyesha ulipofika na kilichobaki. Nywila ni neno lako la siri la kuingilia, usimpe mtu, hata mchungaji. Kupakua ni kuteremsha somo likae ndani ya simu, ili mtandao ukikatika uendelee kulitazama. Kupakia ni kupandisha la kwako liende kwa mwalimu. Hayo mawili yalinichanganya sana, mpaka nikaona kwamba ni kama mazao na gari: unapakia yanapoondoka, unapakua yanapofika. Nikamweleza Glory hivyo, akasema hata yeye hakuwahi kufikiria.

Kikaja kipindi cha kwanza cha mubashara, yaani mwalimu na wanafunzi mko pamoja saa ileile, kila mtu kwao. Glory alikuwa amenisisitiza nizime maikrofoni, kwa sababu ng'ombe wangu hupiga kelele bila sababu. Nikavaa gauni la kanisani. Nikafunga kilemba. Nikasimamisha simu mezani, nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, nikaingia.

Zikatokea nyuso, kila moja kwenye kisanduku chake: kijana amevaa sare za nesi, mama mmoja na mtoto mgongoni, mwalimu wa shule. Katikati yao mwalimu wetu, Amani. Hakuna sauti hata kidogo. Nikaigonga simu nikidhani imeharibika, kisha nikakumbuka kwamba mwalimu ni kiziwi na hili ndilo darasa lenyewe. Ng'ombe akalia nje kwa nguvu zake zote. Darasa zima halikusumbuka.

Mwalimu Amani akasalimia kwa mikono, tukamwiga mmoja mmoja. Ilipofika zamu yangu niliiga kwa bidii, jasho linanitoka. Akanitazama, akainamisha kichwa upande, kisha akaandika chini ya skrini, mahali pa kuandikiana: "Shikamoo bibi. Mikono yako haionekani. Tunaona kilemba tu."

Nikasogeza simu, wakaona dari. Nikairudisha, wakaona chupa ya chai. Yule nesi akaandika, "Bibi, iweke juu zaidi, kaa mbali kidogo, utazame dirisha." Basi nikaiweka kwenye kabati la vyombo, nikarudi nyuma hatua chache, mwanga wa dirishani ukanipiga usoni, nikainua mikono. Darasa zima likainua mikono juu na kuitikisa vidole vimetanuka. Niliogopa kidogo. Mwalimu akaandika: "Hayo ni makofi."

Sikuwahi kupigiwa makofi ya namna hiyo. Nilikaa chini nikapepewa na upepo wa dirishani, nikiwa na furaha ya mtoto.

Sikudanganyi kwamba yote yalikuwa mteremko. Mvua ikinyesha mlimani mtandao unaganda, mwalimu anabaki na mkono juu kama sanamu. Vidole vyangu ni vya jembe, vingine havitaki kukunjika. Zoezi la kujirekodi nililipakia mara nyingi likagoma, na lilipokubali, mwalimu akanirudishia na maelezo kwamba uso wangu umenuna. Katika lugha ya alama uso nao unasema. Ukiuliza swali lazima nyusi ziulize. Basi nikawa namfanyia mazoezi ng'ombe, namuuliza kwa nyusi kama ameshiba.

Likizo ikafika. Elirehema alimleta Janeth alasiri, mimi nimesimama mlangoni nawangoja. Mtoto alinikumbatia kama kawaida, akaanza kwenda ndani. Nikamgusa bega. Alipogeuka nikamwambia kwa mikono: "Karibu nyumbani. Umechoka? Una njaa?"

Janeth akageuka nyuma kutazama ni nani mwingine aliyesimama pale. Hakukuwa na mtu. Akanitazama tena. Nikarudia. Begi likamponyoka, na mikono yake ikaanza, mwanangu, kama bomba lililofunguliwa. Baba yake amesimama machozi yanamtoka. Mimi nikainua mkono na kumwambia lile neno nililoliomba kwa mwalimu kabla ya mengine yote: "Sijaelewa. Polepole. Niambie tena."

Akaniambia tena, polepole. Tulikaa jikoni mpaka chai ikapoa. Nikamuuliza kuhusu kilio cha likizo ile. Akaeleza, na nilichokikosa alikirudia mpaka nikakipata: "Mkizima taa, siwaoni. Nisipowaona, sijui kama mpo."

Jibu ni hilo tu. Wala hakuwa anaumwa tumbo. Kwake yeye gizani hakuna sauti ya bibi kukohoa chumba cha pili, kwa hiyo ni kama hakuna mtu. Jioni ileile baba yake alifunga taa ndogo ya sola karibu na kitanda chake, na mtoto akalala akitabasamu.

Asubuhi, tukiwa tunachambua kahawa, Janeth alinieleza kwamba kila mtu shuleni kwao ana jina la alama, na jina hilo hujipi mwenyewe, unapewa na viziwi. Akanitazama usoni muda mrefu. Kisha akagusa meno yake ya mbele kwa kidole, pale ambapo mimi nina mwanya, akatabasamu. Hilo ndilo jina langu. Bibi wa mwanya. Nimelipokea nikiwa na mvi kichwani, na ninalipenda kuliko nilivyowahi kupenda jina lolote.

Basi mwanangu, wewe uliyeletewa kozi kwenye simu ukaogopa kwa sababu ya maneno yake mageni, ninakuomba uingie. Bonyeza hicho kiungo. Neno usilolijua liulize siku hiyohiyo, hata kama anayekujibu ni mdogo kwako, hata akicheka. Wengi wakicheka hukufundisha papo hapo. Usijifiche nyuma ya kamera iliyozimwa ukidhani unajilinda, jiweke mahali penye mwanga wakuone unavyokosea, maana mwalimu hawezi kurekebisha mikono asiyoiona. Somo likikatika, litazame tena kesho. Na kabla hujaanza, mfikirie mtu mmoja anayesubiri wewe ujue, awe mtoto, mgonjwa au mzazi wako. Huyo ndiye atakayekurudisha mezani siku utakayochoka.

Mungu akupe akili nyepesi na walimu wapole. Akuondolee aibu ya kuanza. Utakachojifunza kimfikie yule anayekihitaji, na nyumba yako ipate furaha kama iliyoingia kwangu.